"Sumu tuliimwaga wenyewe, nidai nini?"

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 51, kwetu ni Mbarali, Mbeya, ila nimeolewa huku Marekani na ninaishi Ohio. Mume wangu ni Mmarekani, ana miaka 77. Tuna binti mmoja wa miaka 16. Mwenzangu ana watoto wengine wawili aliozaa na marehemu mke wake wa kwanza. Mkubwa wao ananizidi hata mimi umri.

Mume wangu alikuwa jeshini Vietnam, kambi ya Bien Hoa, kuanzia 1968 hadi 1969. Kazi yake ilikuwa kupakia na kupakua mizigo. Hasimulii sana, lakini siku moja tukiwa tunachoma nyama nyuma ya nyumba aliniambia kwamba kule walikuwa wanachukua mapipa matupu yenye mstari wa rangi ya chungwa, wanayapasua katikati kwa urefu, wanatandika wavu juu na kuchomea nyama. Mengine waliyajaza maji ya kuogea. Baadaye nilikuja kujua hayo mapipa yalikuwa ya Agent Orange, ile dawa yenye sumu ya kuua majani ambayo jeshi la Marekani liliimwaga kule.

Nilimkuta tayari ana kisukari. Ikafuata presha, kisha miguu ikaanza kufa ganzi. Mwaka jana mkono wa kulia ulianza kutetemeka. Sasa vifungo vya shati namfunga mimi, na kijiko cha supu kinafika mdomoni kikiwa nusu. Daktari amesema ni Parkinson. Nesi wa pale kliniki akaniuliza pembeni: "Mzee alikwenda Vietnam? Kwa nini hajadai VA?" Hiyo ni idara ya serikali ya Marekani inayohudumia askari wastaafu.

Nikamuuliza mzee, akawa mkali. Akasema, "Sumu tuliimwaga wenyewe. Wa kudai ni watu wa kule. Mimi nidai nini? Wenzangu walirudi kwenye majeneza." Tangu hapo hataki nilitaje. Watoto wake wakubwa walipopata habari wakasema mama wa kambo ameanza kutafuta hela ya mzee.

Nina maswali, Anti. Je, kweli ni ile sumu imemfikisha hapa? Mimi ninayefua nguo zake na kulala naye, imenipata? Binti yetu mgongo umepinda kidogo, shuleni walimwona wakatupeleka kwa daktari. Nimesoma mtandaoni kwamba watoto wa hao askari huzaliwa na ugonjwa wa mgongo, tangu siku hiyo silali. Halafu kaka yangu Mbarali ananyunyizia mpunga dawa ya majani, na kwenye chupa imeandikwa 2,4-D, ambayo nimeambiwa ndiyo hiyo hiyo. Na huyu mzee nimwingieje?

Mama Tumaini, Ohio

*

Marahaba, Mama Tumaini, na pole kwa kuuguza. Maswali yako ni mengi, na moja kati ya hayo linakuibia usingizi bure. Nianze na hilo.

Mgongo uliopinda si mgongo wazi. Ugonjwa uliousoma ni mgongo wazi, ule ambao mtoto huzaliwa uti wa mgongo haukufunga vizuri akiwa tumboni. Mara nyingi huonekana siku ile ile anayozaliwa, na wengine huwa na kichwa kikubwa chenye maji. Binti wa miaka 16 aliyekimbia na kucheza miaka yote, mgongo ukaja kupinda wakati wa kurefuka, ana tatizo linalowapata wasichana wengi wa umri huo duniani kote, ambao baba zao hawajawahi kuikanyaga Vietnam. Mpeleke kliniki kama daktari alivyopanga, wampime wanavyopima, na umwondolee hatia baba yake.

Ulichosoma kina chanzo chake. Sheria ya Marekani tangu miaka ya tisini inawalipa watoto wa askari wa Vietnam waliozaliwa na mgongo wazi. Na kwa askari wanawake waliokwenda kule, orodha ya kasoro za kuzaliwa zinazolipiwa kwa watoto wao ni ndefu zaidi. Lakini kwa upande wa baba, wanasayansi waliopewa kazi ya kupitia tafiti hizi walikuja kusema kwamba ushahidi wa mgongo wazi wenyewe hautoshi. Sheria ikabaki ilivyo, nami naona ni sawa ibaki. Ila usiichukue sheria ya fidia ukaifanya cheti cha daktari. Ni vitu viwili.

Na wewe? Huambukizwi. Dioksini, ambayo ndiyo sumu yenyewe tunayoizungumzia, haitoki kwa jasho wala haiachwi kwenye shuka. Inakaa kwenye mafuta ya mwili wa aliyeipata, na hupungua nusu kila baada ya miaka 7 hadi 11. Mzee ametoka Bien Hoa 1969. Hesabu mwenyewe imepungua nusu mara ngapi mpaka leo, uone kilichobaki ni kiasi gani. Kwa sababu hiyo hiyo usikubali mtu akuuzie kipimo cha damu cha kutafuta dioksini. Ni cha gharama, hakitakuambia alipata kiasi gani wakati ule, na VA hawakihitaji.

Sasa kuhusu mzee. Agent Orange ilikuwa dawa ya majani. Kuanzia Januari 1962 hadi mwanzoni mwa 1971 ndege za Marekani zilinyunyizia misitu, mikoko na mashamba ya kusini mwa Vietnam lita zipatazo milioni 75 za dawa za namna hiyo, adui akose pa kujificha na pia akose chakula. Agent Orange peke yake ilikuwa zaidi ya nusu. Ilichanganywa kwa dawa mbili, 2,4-D na 2,4,5-T. Hii ya pili, kiwandani ikipikwa kwa joto kupita kiasi, huzalisha ndani yake dioksini iitwayo TCDD. Hakuna aliyeitia makusudi, ilikuwa takataka ya utengenezaji, lakini takataka hiyo ndiyo iliyoua. Ikiingia kwenye chembe ya mwili inashika mahali panapoongoza kazi za jeni, na kuvuruga homoni, kinga na ukuaji wa chembe. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka.

Je, ndiyo iliyomletea mume wako Parkinson na kisukari? Kwa mtu mmoja mmoja hakuna daktari wa kukuapia. Kisukari cha aina ya pili kinawapata hata waliobaki nyumbani, na mzee wa miaka 77 anaweza kutetemeka bila sumu yoyote. Kinachojulikana ni kwamba miongoni mwa waliokuwa karibu na dawa hizi, magonjwa fulani yameonekana kupita kiasi cha kawaida. Na hapa ndipo sheria ilipofanya jambo la busara. Tangu 1991 askari hatakiwi kuthibitisha kwamba sumu ndiyo iliyomdhuru. Akiwa alikanyaga ardhi ya Vietnam kati ya tarehe 9 Januari 1962 na tarehe 7 Mei 1975, halafu ana ugonjwa ulio kwenye orodha, inachukuliwa kwamba ni kwa sababu ya utumishi wake. Basi. Hahitaji shahidi wa yale mapipa ya kuchomea nyama.

Angalia orodha ilivyokua polepole, uone jinsi ilivyomsubiri mzee wako: saratani ya tezi dume iliingia 1996, kisukari cha aina ya pili 2001, Parkinson na ugonjwa wa moyo wa mishipa iliyoziba 2010, saratani ya kibofu 2021, na mwaka 2022 sheria ya PACT ikaongeza shinikizo la damu. Mume wako ana matatu. Ganzi ya miguu kwa mtu wa kisukari nayo hudaiwa kama tawi la kisukari. Yule nesi alikuwa na haki ya kushangaa.

Kaka yako Mbarali nisimsahau. 2,4-D ni nusu tu ya mchanganyiko ule, na si nusu iliyokuwa na TCDD. 2,4,5-T ndiyo iliyofukuzwa karibu dunia nzima. 2,4-D inauzwa mpaka leo kwenye maduka ya pembejeo, Tanzania na hata huko Ohio ulipo. Kwa hiyo si kweli kwamba kaka yako ananyunyizia Agent Orange. Lakini si maji ya baraka pia. IARC mwaka 2015 waliiweka kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, kundi la wasiwasi, si la uhakika. Mimi ninachoogopa zaidi ni namna tunavyoitumia: mtu anavaa kandambili, bomba la mgongoni linavuja mpaka kiunoni, anapuliza upepo ukimjia usoni, halafu dumu likiisha dawa linasuuzwa mara mbili na kupelekwa kisimani. Mwambie anunue dawa yenye lebo isiyobanduliwa, avae buti, glovu na nguo ya mikono mirefu, apige asubuhi kabla ya upepo, na dumu alitoboe asije mtu akalitekea maji. Askari wa Bien Hoa nao walidhani pipa tupu ni pipa tu.

Nirudi kwa mzee, maana naona hapo ndipo penye shida yako. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kila mara nasimama kwenye yale maneno yake, "wa kudai ni watu wa kule." Wanawake wengi huniandikia waume zao hawataki kwenda hospitali kwa ubishi au kwa woga. Wako anakataa kwa sababu ana dhamiri. Ukimjibu kwa habari ya hela tu, utakuwa umemjibu swali ambalo hakuuliza, naye atakuona kama watoto wake wanavyokuona.

Kwanza kubaliana naye, kwa sababu anasema kweli. Shirika la Msalaba Mwekundu la Vietnam linakadiria kwamba walioathirika kule wanafika milioni 3; serikali ya Marekani inabishia hesabu hiyo, ila hakuna anayebisha kwamba watu wengi waliishi miaka wakila samaki na bata wa mabwawa yenye dioksini. Hapo hapo Bien Hoa alipokuwa akipakua mapipa ndipo penye udongo uliochafuka kuliko kwingine kote Vietnam. Usafishaji umeanza 2019, nusu karne baada ya yeye kuondoka. Da Nang, kambi nyingine ya kule, waliumaliza 2018, na ilibidi udongo uchomwe kwa joto la zaidi ya nyuzi 300 ndipo sumu ivunjike. Mahakamani watu wa Vietnam wameshindwa. Kesi yao dhidi ya viwanda vilivyotengeneza dawa hizo ilifutwa New York 2005, na bibi mmoja mwenye asili ya Vietnam na uraia wa Ufaransa, Tran To Nga, amekataliwa na mahakama za Ufaransa 2021 na tena 2024. Askari wa Marekani walau walipata dola milioni 180 za viwanda kwa mapatano ya 1984, ingawa zilipogawanywa kila mmoja aliambulia kidogo. Kwa hiyo mzee akisema mizani haikukaa sawa, hujakosea ukimwitikia.

Lakini hela asiyoidai haipelekwi Bien Hoa. Inabaki Washington. Hakuna mtoto wa kule anayenunuliwa dawa kwa sababu mzee wa Ohio amekataa kujaza fomu. Akitaka kulipa anachoona ni deni, adai, kisha sehemu ya kinachoingia akitume kwa wanaowahudumia walemavu wa Vietnam. Wapo askari wastaafu waliorudi kule kwa miguu yao kusaidia kazi hiyo. Mwambie hivyo. Nadhani hiyo ndiyo lugha anayoielewa.

Na mwambie habari za Admirali Elmo Zumwalt, kama hazijui. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa wanamaji wa Marekani Vietnam, na ndiye aliyeagiza kingo za mito zinyunyiziwe ili vijana wake wasishambuliwe kutoka vichakani. Mwanawe wa kumzaa, aliyeitwa kwa jina lake, alikuwa ofisa wa mashua kwenye mito hiyo hiyo. Alikufa kwa saratani 1988 akiwa na miaka 42, na mjukuu alizaliwa na matatizo ya kujifunza. Yule baba alikuwa na sababu zote za kujifungia ndani. Badala yake alizipitia tafiti, akaiandikia serikali 1990 kwamba wanaougua walipwe, na sheria ya 1991 ikafuata. Mtu aliyetoa amri alisimama akadai kwa niaba ya wengine. Kijana wa miaka 20 aliyekuwa anabeba mapipa aliyopewa hana cha kuficha uso.

Hilo la wenzake kurudi kwenye majeneza, usilijibu. Mwache aliseme, umsikilize. Kama ana rafiki aliyekwenda naye jeshini ambaye bado yu hai, mpigie huyo rafiki kabla hujarudia mada hii. Wanaume hawa hukubali kwa wenzao jambo ambalo wangelikataa kwa wake zao mwaka mzima.

Akilegea, msikimbilie makaratasi yote kwa siku moja. Kuna hatua ndogo sana ya mwanzo, nayo ndiyo yenye thamani: kuwaarifu VA kwamba ana nia ya kudai. Ni kwa simu, kwa mtandao au kwa karatasi moja. Tangu siku hiyo ana mwaka mmoja wa kuleta dai kamili, na likikubaliwa malipo kwa kawaida huhesabiwa kuanzia tarehe ya ile taarifa. Taarifa hiyo aitoe yeye mwenyewe au mwakilishi aliyemteua. Mke huwezi kumpelekea tu kwa kuwa ni mke. Kisha mtafute cheti chake cha kuacha jeshi, DD-214, kinachoonyesha alikotumikia, na barua za daktari zinazotaja kisukari, presha na Parkinson. Vyama vya maveterani kama DAV na VFW vina watu walioidhinishwa wanaojaza haya bure. Akitokea mtu anayetaka asilimia ili akuandalie dai la kwanza, mwonyeshe mlango, sheria haimruhusu. Aombe pia uchunguzi wa bure wa Agent Orange VA, lakini ajue huo ni wa afya na kumbukumbu, haugeuki kuwa dai.

Watoto wake wakubwa waambie hili mbele ya baba yao, si kwa ujumbe wa simu: malipo haya ni ya mwenye mwili unaougua. Si urithi, wala hayapunguzi urithi wao. Mke na binti aliye chini ya miaka 18 huongezwa kama wategemezi VA wakimpimia ulemavu wa asilimia 30 na kuendelea, na akifikia ulemavu kamili wa kudumu, binti anaweza kusaidiwa masomo. Tumaini ana miaka 16, chuo kinakuja.

Ninalolisema kwa shida ni la kifo, lakini umeniita Anti, sharti nilitamke. Akifariki bila kudai, wewe mjane bado unaweza kuomba malipo ya mjane ukionyesha kwamba alikufa kwa ugonjwa ulio kwenye orodha. Ndoa yenu imezidi mwaka na mna mtoto, unastahili. Ila yale ya miaka aliyougua hai yatakuwa yamekwenda. Akifariki dai likiwa limeshapelekwa, una mwaka mmoja wa kuomba uliendeleze kwa jina lako. Sasa unaona kwa nini nasisitiza asichelewe kudai.

Jibu la VA likija, nitumie nakala yenye jina lililofunikwa. Wakikataa, msikunje karatasi mkaweka kabatini kama wengi wanavyofanya. Mna mwaka mmoja kuanzia tarehe ya barua kuomba lipitiwe upya au kukata rufaa, na mara nyingi kinachokosekana ni karatasi moja tu ya daktari.